TAHARIRI: NAFUU YA MNYONGE ISIFUTWE KIMYA KIMYA



Neno letu safari hii ni mchango wa maji. Kila kaya imeandikiwa shilingi 5,000. Kaya zilizomo katika orodha ya TASAF zilikuwa zikilipa nusu. Sasa orodha imepunguzwa, na wapo wasemao: aliyetolewa alipe kamili, nafuu yake imekwisha. Hebu tulifikiri jambo hili kabla hatujalipitisha.

Kipindi cha pili cha mpango wa kunusuru kaya maskini kilizinduliwa Februari 2020, na kaya zikahakikiwa upya. Kuhakiki ni haki. Fedha ya umma lazima ijulikane yaenda kwa nani. Lakini kutolewa orodhani si kupata mali. Mama mjane anayelima mwani, bei ikianguka hana kitu, awemo orodhani au asiwemo. Mchumaji wa karafuu naye, mwaka mikarafuu isipozaa, atachuma nini?

Mambo haya hayakuanzia kwetu. Huko Uingereza nyumba nyingi hulipa kodi ya halmashauri, na maskini alikuwa akisaidiwa kwa mpango wa nchi nzima. Aprili 2013 mpango ule ulifutwa. Katika England kila halmashauri iliambiwa itunge wake, na fedha ikakatwa kama asilimia 10. Wazee wa pensheni walilindwa kwa sheria, basi mzigo ukawaangukia maskini wa umri wa kufanya kazi. Halmashauri nyingi zikawadai watu ambao zamani hawakudaiwa hata senti. Asiyelipa akaitwa mahakamani, na gharama za mahakama zikapandishwa juu ya deni. Mtu kashindwa kubeba pakacha, aongezwa gunia!

Bara nako kulikuwa na kodi ya maendeleo, akidaiwa mwenye nacho na asiye nacho. Watu waliwakimbia mgambo wakajificha porini. Mtu aliye mafichoni halimi. Kodi ile ilifutwa mwaka 2003.

Mfano mwema tunao hapa hapa Zanzibar. Pensheni Jamii ilianza Aprili 2016 kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, shilingi 20,000 kwa mwezi. Sharti lake lilikuwa wazi, kila mtu alilijua. Sharti likiwa wazi, manung'uniko hupungua.

Sasa tupige hesabu, kama tulivyofundishwa darasa la kisomo. Tuseme kaya 10 zimepunguziwa nusu. Pengo ni shilingi 25,000. Kaya nyengine 100 zikiligawana, kila moja yaongeza shilingi 250. Hiyo ndiyo bei ya kumwacha jirani achote maji bila ya kudaiwa asichokuwa nacho. Na tukimdai, akashindwa, tutamfungia bomba? Atarudi kisimani, watoto wake waumwe, na sisi sote tutapishana hospitali.

Kwa hiyo twapendekeza:

1. Nafuu ya mchango wetu isifungwe na orodha ya mtu mwengine. Kijiji chajua nani hana.

2. Majina ya wenye nafuu yapitishwe katika mkutano wa wote, na sababu itajwe kwa heshima, bila ya kumtahayarisha mtu.

3. Kaya isitolewe kabla ya kuitwa na kusikilizwa.

4. Mwenye uwezo anayejificha nyuma ya mnyonge alipe kamili. Asiye na fedha lakini ana nguvu, achimbe mtaro, siku zake zihesabiwe kuwa mchango.

Wapo watakaosema huku ni kufuga uvivu. Siye twawajibu: mvivu atajulikana siku ya kuchimba mtaro. Mgonjwa, mjane na mzee asiye na mtu, hao si wavivu.

Mkutano ni Ijumaa baada ya sala. Njooni wake kwa waume, mseme. Asiyekuja asije akalalamika barazani.

Uliyesoma, msomee na asiyejua kusoma.

UMOJA NI NGUVU.