Pointi za Motokaa Kuukuu na Watu Waziteteao

Msomaji, ukisimama kando ya barabara kuu pale Voi kwa muda wa saa moja, utaona malori yaendayo Nairobi na Mombasa, mabasi, motokaa ndogo zilizotoka Japani, na bodaboda zisizo idadi. Mara moja moja, katikati ya msafara huo, hupita kitu cha zamani: Land Rover ya miaka ya 1960, au Peugeot 404, imeteremka kutoka Wundanyi au Bura na magunia ya kabichi. Watoto huicheka, wazee huisalimu. Insha hii naiandika kwa ajili ya motokaa hiyo, na dhidi ya rafiki zake wawili ambao, kwa maoni yangu, wanaiua kwa mapenzi yao. Rafiki wa kwanza husema isibadilishwe hata msumari mmoja. Wa pili huuza kijisanduku cha elektroniki na kuapa kuwa kitaponya kila ugonjwa. Wa kwanza ana heshima, na wa pili ana ulimi. Wote wawili wamekosea, lakini wa kwanza ana hatari zaidi, maana husikilizwa.

Fahamu kwanza jambo linalobishaniwa. Injini ya petroli haitembei kwa petroli peke yake. Hutaka cheche, na cheche hutaka umeme wa maelfu ya volti, ilhali betri ina volti 12 tu. Mmarekani Charles Kettering na wenzake walipata dawa ya shida hiyo karibu na mwaka 1910. Umeme wa betri hupita katika koili, kisha katika vipande viwili vidogo vya chuma vigusanavyo, navyo ndivyo pointi. Mhimili wa distributa uzungukapo, pembe yake husukuma kisigino cha pointi. Vipande huachana, umeme hukatika ghafula, na katika kukatika huko koili huzaa nguvu kubwa irukayo kwenye plagi. Kondensa hupokea umeme unaotaka kuruka penye mwachano huo, usizile nyuso za pointi. Ni ubunifu wa ajabu, na mtu asiyeustahi hajauelewa.

Lakini fanya hesabu. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika hutaka cheche 6,000, yaani 100 kila sekunde. Kutoka Voi hata Mombasa ni kama kilomita 150. Ukisafiri kwa saa mbili na nusu, pointi zako zimekwisha kufunguka na kufungika mara 900,000 kabla hujaiona bahari. Kila zifungukapo, umeme wa ampea tatu au nne huunguza nyuso zake kidogo, na kisigino husuguliwa. Nafasi baina ya vipande, ambayo katika Land Rover nyingi za wakati ule ni kama sehemu 15 za elfu za inchi, hupungua. Ikipungua, pointi huchelewa kufunguka. Cheche ikichelewa, nguvu hupotea, injini hupata moto, na petroli huliwa bure. Hayo hayaji kwa siku moja. Huja kidogo kidogo, kama soli ya kiatu iishavyo, hata dereva akashangaa mbona mlima wa kutoka Mwatate kwenda Wundanyi umekuwa mrefu.

Hapa rafiki wa kwanza huinuka na hoja yake kubwa. Husema: "Peugeot 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, tena 1966, 1967 na 1968, nayo ilikuwa na pointi. Nani wewe wa kuzidharau?" Ni kweli ilishinda, na mwaka 1963, kama mwaka 1968, magari saba tu ndiyo yaliyomaliza njia, mengine yote yakabaki matopeni na maporini. Lakini washindani wale walifuatwa na mafundi njiani, wenye vyuma vipya na mikono ya kuvitia. Mkulima wa Wundanyi hafuatwi na mtu. Pointi zake zikimshinda usiku baina ya Maktau na Taveta, ambako barabara hupita katika Mbuga ya Tsavo Magharibi, atakaomwona ni ndovu. Kumtolea mtu huyo mfano wa mashindano ni sawa na kumwambia mvuvi wa ngalawa asihofu dhoruba kwa kuwa meli ya vita ilipita salama.

Hoja yake ya pili ina uzito zaidi, wala sitaki kuipita kwa haraka. Husema pointi hutengenezeka popote: dereva huzisugua kwa kitasa laini au kipande cha msasa, hupima nafasi, huondoka, bali elektroniki ikifa imekufa. Kweli tupu. Basi na amtazame yule kijana wa bodaboda apandaye mlima ule ule mara kumi kwa siku, abiria wawili nyuma, mvua na vumbi jekundu juu yake. Pikipiki zile za siku hizi hazina pointi. Huwashwa kwa elektroniki, na kijana hata hajui kama kitu hicho kimo. Rafiki yetu humpungia mkono, humpanda, humlipa nauli, kisha hurudi nyumbani kusema kuwa elektroniki haifai kwa nchi ya Taita!

Sasa sikiliza habari ya bei, kwa maana wengi hudhani mabadiliko haya ni ya matajiri. Njia ya kwanza, iliyo rahisi kupita zote, haiondoi pointi. Transista, iliyovumbuliwa Marekani mwaka 1947, hubebeshwa mzigo mzito wa koili, na pointi hubaki kutoa ishara tu kwa umeme mdogo sana. Nyuso haziungui tena. Kisigino pekee huendelea kulika. Mwanafunzi aliyesoma vizuri somo la fizikia anaweza kuuelewa mchoro wake wote kwa jioni moja. Njia ya pili hutoa pointi na kuweka mahali pake sumaku na kipokezi kinachofuata kanuni aliyoigundua Edwin Hall mwaka 1879, ya kuwa sumaku ikikaribia kibati kipitishacho umeme, volti ndogo hutokea ubavuni mwake. Hapo hakuna kigusacho, wala kilikacho. Seti mpya hununuliwa. Lakini magari mengi ya Kijapani ya miaka ya 1980 yalitoka kiwandani na moduli zao, na fundi wa jua kali mwenye akili hupata moduli nzima katika gari lililokufa kwa ajali.

Na huyu muuzaji wa kijisanduku? Akikuahidi kuokoa robo ya petroli yako, anakuuzia maneno. Pointi zilizopimwa sawasawa leo asubuhi huwasha injini karibu sawa na elektroniki. Tofauti ni kwamba elektroniki itakuwa vile vile baada ya miezi sita. Haiponyi kabureta chafu. Haiponyi mhimili wa distributa unaochezacheza, ambao yafaa utengenezwe kwanza. Tena muulize maswali ambayo aghalabu hayapendi. Koili hii ina omu ngapi? Koili ya omu moja na nusu ikiunganishwa na moduli iliyokusudiwa omu tatu, moduli itaungua. Je, gari hili limeunganishwa bodi kwenye chanya ya betri, kama yalivyokuwa magari mengi ya Kiingereza kabla ya kati ya miaka ya 1960? Ukigeuza waya, kijisanduku hufa papo hapo, na muuzaji atasema ni kosa lako. Usiache ufunguo umewashwa huku injini imelala, maana moduli nyingine hupikika hivyo.

Amebaki rafiki wa kwanza, anayelia kuwa motokaa itapoteza thamani. Thamani gani, na mbele ya nani? Motokaa iliyosimama chini ya mwembe, kuku wakitaga kitini, imekwisha kuipoteza yote. Kazi hii, ikifanywa kwa adabu, haitoboi tundu lolote wala haikati waya wa asili. Atakaye kuirudisha motokaa katika hali ya kiwandani hutumia nusu saa na bisibisi. Kwa hiyo pointi zilizotolewa zisitupwe. Zipakwe mafuta kidogo, zifungwe pamoja na kondensa yake, bisibisi ndogo na kibati cha kupimia, zitiwe katika kopo la maziwa ya unga chini ya kiti cha dereva, na mwenye gari apewe jukumu la kuzirudisha mara moja kwa mkono wake mwenyewe, mchana, mbele ya fundi, kabla hajaondoka Voi.