Herufi zetu haziko makosa



Tulienda kupigisha tangazo letu kwa Kilingala, kusudi wenzetu wa Kinshasa nao wasome. Pale sekretaria, ordinatere ilikataa. Kila penye ɛ na ɔ karatasi ilitoka na alama ya kuuliza. Mwenye mashini akatuambia tuandike tu e na o, eti watu wataelewa.

Tunasema hapana. Kwa Kilingala moto ni mtu, motó ni kichwa, mɔ́tɔ ni ule moto wa kuunguza. Ukiondoa alama, vyote vitatu vinakuwa neno moja. Njo vile tutaandikia watu juu ya haki zao?

Hakuna uchawi hapa. Programu nyingi za zamani za kuandikia zina nafasi ya herufi 256 tu. é, ç, hata œ ya Kifaransa zimo. ɛ na ɔ hazimo. Lakini Unicode, ile orodha ya dunia inayopa kila herufi namba yake, iliziandika tangu 1991. Ila ɛ́ haina namba moja: ni ɛ na kialama chake, namba mbili, na programu inapaswa kuziunganisha. Isipojua, kialama kinaanguka pembeni. Hiyo kazi inafanyika, kama mtu anataka.

Katiba ya 2006, kifungu cha 1, inataja Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa, na inaagiza Serikali iziendeleze bila ubaguzi. Sasa ofisi ya Leta yenye programu isiyojua ɛ inaendeleza nini?

Na sisi wa Kiswahili tusiseme haituhusu. Herufi zetu zinaingia zote, njo maana hatukuona shida ya mwenzetu.

Tunadai:

– Ofisi zote za Leta zitumie programu zinazojua Unicode, na mafaili yahifadhiwe kwa UTF-8.

– Shule zifundishe kuandika lugha za taifa kwa kibodi. Linux tayari iko na kibodi ya Kongo.

Na sisi wenye diplome, tunaoshinda nyumbani bila kazi: Emacs na Vim ni za bure, zinajua Unicode, kodi zao ziko wazi. Wasomi wa informatike, tuzijaribu kwa lugha za kwetu, na penye kasoro tutengeneze. Hiyo haingoji bajeti ya mtu.

Lugha haikatwi mguu juu ya kiatu kidogo. Tupanue kiatu!