Nishati Imekwenda Wapi?

Leo tuweke kando habari za simu mpya na virusi vya kompyuta, tuzungumze fizikia kidogo. Msikimbie, fomyula ni moja tu!

Maoni yangu ni haya: anayeandika programu ya kuiga mwendo wa vitu asiseme "nimemaliza" kabla hajajibu swali moja. Nishati imekwenda wapi?

Chukua Explorer 1, setilaiti ya kwanza ya Marekani, iliyorushwa tarehe 31 Januari 1958. Ilikuwa kama penseli: urefu mita 2 hivi, upana sentimita 16, uzani karibu kilo 14. Ilizungushwa mara 750 kwa dakika kwenye mhimili wake mrefu, kama risasi, ili isiyumbe. Muda si mrefu ikayumba, kisha ikawa inazunguka ncha kwa ncha kama rungu lililorushwa. Hakuna aliyeigusa!

Sasa ile fomyula. Nishati ya mzunguko = L² ÷ 2I. L ni momentamu ya mzunguko. I ni momenti ya inesha, yaani kipimo cha jinsi kitu kinavyokataa kubadilishiwa mzunguko. Uzani ukiwa mbali na mhimili, I huwa kubwa. Huko juu hakukuwa na kitu cha maana cha kuibadilisha L. Lakini Explorer 1 ilikuwa na antena 4 laini zilizokuwa zikipindapinda, na kila kupinda kulitoa joto kidogo. Nishati ya mzunguko ikapungua. L ikibaki ileile na nishati ikipungua, lazima I iongezeke. Setilaiti haiwezi kunenepa, basi ikabadilisha mhimili.

Tukadirie, tukiichukulia kama mcheduara uliojaa sawasawa. I ya ncha kwa ncha inazidi ile ya mhimili mrefu zaidi ya mara 100. Kwa hiyo mizunguko 750 kwa dakika inashuka hadi 7 hivi, na takriban asilimia 99 ya nishati ya mzunguko inageuka joto. Ni nishati kiasi gani? Jouli 136 hivi, yaani kama kuinua paketi ya unga ya kilo 2 hadi mita 7. Kiasi kidogo hicho kilitosha kupindua chombo kizima.

Hapa ndipo ninapogombana na waandishi wenzangu wa programu. Njia rahisi ya Euler, ambayo wengi huanza nayo, huelekea kuongeza nishati ambayo haikutoka popote. Mtu akiona kitu chake kinazunguka kwa kasi ya ajabu, anazidisha mzunguko kwa 0.99 kila hatua, kinatulia, anafurahi. Hiyo si dawa, ni kufunika kidonda! Breki hiyo inakula nishati na L kwa pamoja. Explorer 1 ya programu yake itapunguza mwendo taratibu hadi isimame, bila kupinduka hata siku moja. Skrini itapendeza na jibu litakuwa la uongo.

Utaniuliza: mimi natengeneza programu za maduka, setilaiti zanihusu nini? Kwanza, Kenya tumo. 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliachiliwa kutoka kituo cha anga za juu mwezi Mei 2018, na Taifa-1 ikarushwa Aprili 2023. Zinazofuata zitahitaji vijana wetu wa kuandika programu za kuzituliza. Pili, hesabu ya duka ni ileile: shilingi ikitoka hapa lazima ionekane pale. Hakuna mhasibu anayezidisha daftari kwa 0.99 ili lilingane.

Basi fanya hivi. Kila hatua ya programu yako ichapishe namba mbili, nishati na L. Kama hakuna kani kutoka nje, L isibadilike. Nishati ikipungua, onyesha joto lilikotokea. Ikiongezeka bila sababu, programu ina kasoro, hata picha ikiwa nzuri vipi.

Kama bado huamini, zungusha yai bichi mezani, lisimamishe kwa kidole kidogo tu, kisha liachilie. Litaanza kuzunguka tena lenyewe, kwa sababu ute wa ndani haukusimama. Lililochemshwa halifanyi hivyo. Mnaonaje, wasomaji?