Anayesoma Kirusi Asiadhibiwe

Februari 2021, wasafiri watatu waliotoka Tanzania walipimwa korona walipotua Luanda, Angola. Walikutwa na maambukizi, na sampuli zao zikapelekwa kusomwa vinasaba. Wanasayansi wakakuta tawi la kirusi lisilokuwa limeripotiwa popote, limejaa mabadiliko, yakiwamo kadhaa kwenye protini ambayo kirusi hutumia kushika seli za binadamu. Wakati huo Tanzania ilikuwa haitoi takwimu. Za mwisho, wagonjwa 509 na vifo 21, zilikuwa za Mei 2020. Basi habari za kirusi kilichokuwa kikizunguka kwetu zilisomwa ugenini, zikaandikwa na wengine, na jina la nchi yetu likatajwa katika kikao ambacho hatukukaa.

Naanza na Luanda kwa sababu kuna hoja inayozidi kupata wasikilizaji barani Afrika, kwamba tumeshakuwa wakweli vya kutosha. Tukisoma vinasaba vya kirusi na kutangaza tulichokiona, malipo yetu ni viwanja vya ndege kufungwa. Kwa nini tusinyamaze? Hasira iliyo ndani ya swali hilo ni ya haki kabisa. Jibu linalopendekezwa ndilo ninalolipinga.

Kirusi cha korona kina herufi za kinasaba karibu 30,000. Kila kinapojizalisha hunakili herufi hizo, na mara nyingine hukosea. Kwa wastani, makosa kama mawili kwa mwezi hudumu na kurithiwa. Wanaochunguza hati za kale za tenzi, zile zilizonakiliwa kwa mkono Lamu na Pate, wanaujua utaratibu huu. Nakala mbili zikiwa na kosa lilelile katika ubeti uleule, basi zimetoka kwa nakala moja iliyozitangulia. Kwa njia hiyo mtafiti hupanga virusi vya wagonjwa elfu moja katika ukoo mmoja, akaona ni mara ngapi ugonjwa uliingia nchini kutoka nje na ni lini ulianza kujisambaza wenyewe ndani.

Kasi ndiyo thamani ya kazi hii. Tarehe 11 Januari 2020 Profesa Zhang Yongzhen wa Shanghai alikubali mwenzake Edward Holmes aweke hadharani jenomu ya kwanza, yaani orodha kamili ya herufi za kirusi hicho. Siku mbili baadaye kipimo kilichobuniwa Berlin kilikuwa kimeshachapishwa na Shirika la Afya Duniani, na kampuni ya Moderna ilikuwa imeshachora muundo wa chanjo yake. Zhang mwenyewe? Siku iliyofuata tangazo lake, maabara yake iliamriwa ifungwe ili ifanyiwe “marekebisho”. Mtu wa kwanza kuwapa walimwengu silaha dhidi ya janga ndiye aliyeadhibiwa.

Novemba 2021 adhabu hiyo ikahamia kwetu. Maabara za Gauteng, Afrika Kusini, ziliona kwamba moja ya alama tatu zinazotafutwa na kipimo cha PCR haionekani katika sampuli nyingi. Gaborone nako, timu ya mtafiti Sikhulile Moyo ilikuwa imekuta mabadiliko ya kushangaza katika sampuli za wageni wanne walioingia Botswana kwa shughuli za kidiplomasia. Tarehe 25 mwanasayansi Tulio de Oliveira wa Afrika Kusini na wenzake wakatangaza aina hiyo mpya ya kirusi, iliyokuja kuitwa Omicron. Jioni ileile Uingereza ikatangaza kusimamisha safari za ndege kutoka nchi sita za kusini mwa Afrika. Marekani ikafuata na kuongeza mbili, Malawi na Msumbiji. Siku chache baadaye Uholanzi ikakiri kwamba sampuli ilizozichukua nyumbani kwake tarehe 19 Novemba zilikuwa na Omicron. Kirusi kilikuwa Ulaya kabla ya tangazo, lakini hakuna aliyesimamisha ndege za Amsterdam kwa ajili hiyo. Na kwa kuwa vitendanishi vya kusomea vinasaba huja kwa ndege, maabara zilizouonya ulimwengu zikaanza kuhofia kuishiwa.

Hapa kuna jambo la kisayansi ambalo wanasiasa waliofunga mipaka walipaswa kuambiwa na washauri wao. Anayesoma sana huonekana kuwa chanzo. Uingereza ilisoma jenomu nyingi kuliko karibu nchi yoyote, ndiyo maana aina ya Alpha iliitwa kirusi cha Uingereza. Mti wa ukoo huchorwa kwa sampuli zilizopo, na mahali pasipochukuliwa sampuli hapaonekani hata kama ndipo palipowaka kwanza. Shirika la Afya Duniani lilianza kuzipa aina za kirusi hicho majina ya herufi za Kigiriki mwishoni mwa Mei 2021, mojawapo ya sababu ikiwa ni kuzuia nchi kubandikwa ugonjwa. Majina yalibadilika. Tabia ya kuadhibu haikubadilika.

Hata hivyo, tazama nani hunufaika kwanza na usomaji huu. Watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust kule Kilifi walisoma virusi vya pwani ya Kenya tangu siku za mwanzo, wakaona ugonjwa uliingia mara nyingi kwa njia tofauti, ingawa koo chache tu ndizo zilizoenea. Entebbe, taasisi ya utafiti wa virusi ya Uganda ilifuatilia ukoo uliozuka humohumo Uganda, A.23.1, ukazipita koo nyingine zote. Na Kamituga, mji wa machimbo ya dhahabu Kivu Kusini nchini Kongo, usomaji wa kirusi cha ugonjwa wa mpox ulionyesha tawi jipya lenye alama zinazoachwa na kimeng’enya cha mwili wa binadamu. Maana yake ilikuwa wazi: ugonjwa haukuwa tena unaruka kutoka kwa wanyama, ulikuwa unapita kutoka mtu hadi mtu. Ujumbe huo uliwahusu kwanza wachimbaji na wanawake wa Kamituga, kisha Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya, ambako tawi hilo lilifika kati ya Julai na Agosti 2024. Shirika la Afya Duniani kule Geneva lilihusika baadaye.

Kwa hiyo kunyamaza ni kujinyima. Indonesia ilijaribu njia hiyo mwaka 2007, waziri wake wa afya Siti Fadilah Supari alipozuia sampuli za homa ya ndege kwa sababu chanjo zilizotokana nazo zingeuzwa kwa bei ambayo Waindonesia wasingeimudu. Hoja yake ilikuwa ya kweli, na ilizaa mpango wa kimataifa wa mwaka 2011 kuhusu homa ya mafua. Lakini sampuli ni kitu unachoweza kukifungia ndani ya friji. Jenomu haifungiki. Kirusi kinasafiri ndani ya pua ya abiria, na ugenini wana mashine.

Mkataba wa Majanga uliopitishwa Geneva tarehe 20 Mei 2025 unawataka watengenezaji watakaojiunga na mfumo wake wajitahidi kulipatia Shirika la Afya Duniani asilimia 20 ya chanjo, dawa na vipimo vyao wakati wa janga, nusu ya hizo angalau ikiwa bure. Ni hatua. Lakini undani wa namna ya kugawana virusi na manufaa yake uliachiwa kiambatisho cha kujadiliwa baadaye, na humo ndimo wajumbe wa Afrika wanapaswa kung’ang’ania. Kanuni za Afya za Kimataifa tayari zinaitaka nchi inayozuia wasafiri itoe sababu za kisayansi ndani ya saa 48. Mwaka 2021 hilo halikumzuia yeyote, kwa sababu hakuna gharama ya kulipuuza. Ningependa iwepo: nchi inayofunga anga dhidi ya iliyotoa taarifa igharimie vitendanishi vya maabara zilizotoa taarifa hiyo, na mizigo ya maabara ipite hata abiria wakizuiwa.

Kwetu Tanzania, Machi 2023 Wizara ya Afya ilitangaza yenyewe mlipuko wa Marburg mkoani Kagera. Tofauti na Mei 2020 ni kubwa, na ilistahili sifa kuliko iliyopata. Kinachokosekana sasa ni fedha za kudumu. Mashine za kusomea vinasaba zimeshafika katika maabara kadhaa za Afrika Mashariki, lakini kemikali zake hununuliwa kwa fedha za miradi ya wafadhili, na mradi ukiisha mashine hufunikwa. Fungu la vitendanishi liwe ndani ya bajeti ya afya inayopitishwa Dodoma kila Juni.