Chungu hakikai kwa mafiga mawili

Mkulima wa Itumbe apelekapo majani ya chai kiwandani, aghalabu hazifikirii kuni zinazochemsha maji ya mvuke wala umeme unaozungusha mashine. Hata hivyo, gharama za vitu hivyo hukatwa kabla ya bonasi kumfikia mkononi. Je, ni nani miongoni mwa wanawe walio shuleni anayefunzwa kuzipima?

Tumezoea kuwagawa wanafunzi mapema: huyu wa fizikia awe mhandisi, yule wa biashara aende benki. Mwanauchumi wa nishati hana nafasi katika mgawo huo, ilhali kazi yake yahitaji elimu zote mbili.

Tazama mradi wa upepo wa Ziwa Turkana. Mitambo 365, yenye uwezo wa megawati 310, ilikuwa tayari mwaka 2017. Wahandisi walikuwa wametimiza wajibu wao na mabenki yametoa mikopo. Lakini njia ya kuufikisha umeme huo Suswa haikukamilika hadi mwaka 2018, na kwa mujibu wa mkataba Kenya ikatozwa fedha kwa umeme ambao haukumwangazia mtu. Kosa halikuwa la upepo wala la mitambo. Lilikuwa la hesabu: nani abebe hasara ya kuchelewa?

Hesabu ya aina hiyo yataka mtu aliyepita milango mingi. Profesa Mark Mwandosya wa Tanzania, ingawa ni mhandisi, alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akawa kamishna wa nishati, kisha katibu mkuu wa wizara. Mwaka 1997 kule Kyoto, alizisemea nchi zinazoendelea katika mazungumzo ya tabianchi. Chuo na serikali ni mafiga mawili. La tatu ni fedha, maana mwenye kukopesha ndiye aandikaye masharti.

Wapo wanaohofia kwamba atokaye serikalini kwenda benki huenda na siri za umma. Hofu hiyo ina msingi. Aliyeandika mkataba jana asiwe mfaidi wake leo. Lakini dawa ni sheria kali, si kuufunga mlango.

Basi, mwalimu, usimwambie mwanafunzi achague kati ya hesabu na uchumi. Nawe mwanafunzi, anza na kiwanda kilicho jirani: uliza kilo moja ya chai hukaushwa kwa kuni kiasi gani, na ni nani hulipa.