DAUDI HAKUNGOJA MKUKI MWINGINE



Waume wengi wanaupenda Waefeso 5:22, ule wa wake kuwatii waume zao. Sisi wachungaji tunaupenda Zaburi 105:15, ule wa kutowagusa masihi wa Bwana. Yote ni Neno la Mungu. Lakini Neno likikatwa vipande, mtu anaweza kuligeuza fimbo.

Soma mstari wa 21 kabla ya 22: Paulo anatuagiza sote tunyenyekeane. Kisha fika wa 25: mume ampende mkewe vile Kristo alivyolipenda kanisa, hata akatoa uhai wake. Sasa niambie, ndugu yangu, Kristo alilipiga kanisa lini? Alilinyima pesa ya unga lini mpaka limpigie magoti?

Na ile Zaburi? Isome kutoka mstari wa 12. Inazungumzia wageni wachache, wanyonge, ambao Mungu aliwakinga wasionewe na wafalme. Mstari huo unamlinda mnyonge. Haukuandikwa ili mwenye nguvu asiulizwe.

Sisi wa Pwani tumeona utii usiouliza unafika wapi. Aprili 2023, makaburi yalianza kufukuliwa msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi. Miili ilipita 400, watoto wakiwemo. Watu walikuwa wameambiwa wafunge mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Mhubiri Paul Mackenzie na wenzake walifikishwa mahakamani hapa Mombasa Januari 2024, wakakana mashtaka. Hayo ni ya hakimu. Langu ni hili: hakuna anayefika msituni siku moja. Huanza na mambo madogo. Usimuulize mtumishi. Usiwasikize ndugu zako. Mtoto asiende shule. Hospitali ni kukosa imani.

Mamlaka ya kweli yana kazi na yana mpaka. Ukifika feri hapa Likoni na uambiwe ungoje, unangoja, kwa sababu anayekuzuia anataka uvuke salama. Ukishavuka, hakufuati nyumbani kukupangia maisha.

Mtazame Daudi. Sauli alikuwa mfalme, tena mpakwa mafuta, tena baba mkwe wake. Alipomtupia mkuki, Daudi aliukwepa, akakimbia usiku ule ule. Mkewe Mikali ndiye aliyemteremsha dirishani (1 Samweli 19). Baadaye Daudi alipata nafasi ya kumuua Sauli pangoni, akakataa. Alimheshimu, lakini hakurudi kukaa mbele ya mkuki. Mama, ukiambiwa uvumilie kipigo kwa jina la utii, kumbuka hilo. Kukimbia mkuki si uasi.

Nakupa maswali matatu ya kupima mamlaka yoyote iliyo juu yako. Naweza kuuliza? Naweza kusema hapana bila kuogopa? Naweza kuondoka nikiwa salama? Jibu likiwa hapana, huo si utii ambao Biblia inaufundisha. Huo ni utumwa. Nami mchungaji wako unipime kwa maswali hayo hayo. Waberoya walichunguza hata mahubiri ya Paulo, wakasifiwa (Matendo 17:11).

Ukiwa hatarini piga 1195, ni bure, au nenda dawati la jinsia katika kituo cha polisi. Maombi tutaomba, lakini uombe ukiwa mahali salama.

Baba, wafungue walio chini ya mikono mikatili. Tunyenyekeze sisi uliotupa mamlaka, nyumbani na madhabahuni. Kwa jina la Yesu.

Ukikubali, andika AMINA. Lakini kama simu yako hukaguliwa nyumbani, usiandike chochote hapa. Mungu ameshasikia. Njoo kanisani mchana, mke wangu na kina mama wa maombi watakuwepo.

Ubarikiwe.