Umemaliza Kitabu cha Kisomo. Sasa Usome Nini?

Ndugu msomaji, sasa unajua kusoma. Usipopata kitabu kingine, herufi zitakutoka. Wapo watakaokupa kitabu cha mbolea ya chai au cha migomba. Kichukue, kina faida. Lakini mimi nasema, soma pia hadithi za ajabu.

Anza na "Adili na Nduguze" cha Shaaban Robert, mwandishi wa Tanga aliyefariki mwaka 1962. Humo yumo liwali mwema, Adili. Kila usiku huwapiga manyani wawili kwa kiboko. Akisha kuwapiga, huwabembeleza. Kwa nini? Manyani wale ni ndugu zake! Mmoja ni Hasidi, mwingine Mwivu. Majina yenyewe yanakudokeza. Mengine sikwambii.

Halafu tafuta "Kusadikika", cha mwaka 1951. Hiyo ni nchi iliyo angani. Karama anashtakiwa huko kwa sababu anataka watu wafundishwe sheria. Mwaka ule Waingereza walikuwa wakitutawala. Jambo gumu kusemwa juu ya nchi ya kweli lilisemwa juu ya nchi ya hewani. Je, hadithi hiyo ni ya watoto?

Kiswahili chake kina maneno magumu. Usisimame kwa kila neno. Mwezi wa nne, mvua ya Tukuyu isipokatika, kaeni watatu jikoni kando ya moto, mmoja asome kwa sauti. Kurasa mbili kwa siku zatosha. Mkifika penye manyani, mtaongeza wenyewe.